Mashine ya Boti Inapochemsha

Mashine ya kupachika, ile inayofungwa tezini mwa mashua, mtumbwi mkubwa au boti ya faiba, haina rejeta wala feni. Hupozwa na maji yale yale ambayo chombo kinaelea juu yake: huyavuta kutoka chini, huyapandisha hadi kwenye silinda, kisha huyarudisha baharini au ziwani pamoja na moshi. Petroli inapoungua, ni robo tu hadi theluthi ya nguvu yake inayofika kwenye rafadha. Iliyobaki ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo ni lazima ichukuliwe na maji na moshi. Maji yakikatika wakati mashine inakwenda kwa moto wote, dakika chache zinatosha kuiharibu. Pistoni ni ya aluminiamu, na ukuta wa silinda katika mashine nyingi ni wa chuma. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo pistoni hujaa ndani ya silinda, utando wa oili hufutika, na vyuma viwili hushikana. Hapo mashine imenoki, na gharama yake ni ya kufungua mashine nzima.

Ni nadra mashine kufika huko kwa sababu ya ubovu wa kifaa cha bei kubwa. Mara nyingi chanzo ni kipande cha mpira kilichochoka, nailoni iliyonasa, au chumvi iliyoganda. Kinachowapotosha wengi ni kuanza kubahatisha: huyu hung'oa thamostati, yule hubadilisha plagi, mwingine huongeza oili kwenye petroli, ilhali maji hayajaingia kabisa kwenye mashine. Njia ya uhakika ni kuyafuata maji tangu yanapoingia hadi yanapotokea, bila kuruka hatua.

Maji huingia kwenye matundu yenye wavu au vichana vidogo pembeni mwa mguu wa mashine, juu kidogo ya rafadha. Juu ya giaboksi imefungwa pampu ya maji, na ndani ya pampu mna impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mapanga kadhaa, kinachozungushwa na shafti ile ile inayoshuka kwenda kuendesha rafadha. Impela haikukaa katikati ya nyumba yake. Imesogezwa upande, ili mapanga yabinywe upande mmoja na kufunguka upande wa pili. Kule kufunguka ndiko kunakovuta maji, na kule kubinywa ndiko kunakoyasukuma juu. Kutoka hapo maji hupanda kwa bomba jembamba hadi kwenye bloku ya silinda, huzunguka silinda na silinda hedi, hukutana na thamostati, kisha hushuka kupitia njia ya moshi. Sehemu ndogo huchepushwa na kutoka nje kwa tundu dogo nyuma ya mashine. Huo ndio mchirizi ambao kila nahodha hugeuka kuutazama mara tu mashine inapowaka.

Mchirizi ni shahidi mzuri, lakini haoni kila kitu. Katika mashine nyingi huchepuka kabla maji hayajafika kwenye thamostati. Kwa hiyo mchirizi wenye nguvu unathibitisha kwamba pampu inafanya kazi. Hauthibitishi kwamba maji yanazunguka vizuri ndani ya hedi. Kinyume chake nacho hutokea: pampu ni nzima, mashine iko baridi, lakini mchirizi umekatika kwa sababu punje ya mchanga au chumvi imeziba kitundu chenyewe. Waya mwembamba, au uzi wa nailoni wa mshipi ulio mgumu kidogo, unaosokomezwa taratibu kwenye tundu hilo humaliza tatizo mara moja. Jambo hilo ni rahisi mno hata wengi hulikumbuka baada ya kuwa wamekwisha kufungua pampu.

Dalili nyingine za kuchemsha huja kwa mfuatano unaojulikana. Mchirizi hupungua, au hutoka wa moto unaofuka mvuke. Mashine hupoteza nguvu bila mtu kupunguza moto. Harufu ya rangi inayoungua husikika, kwa sababu rangi ya hedi huanza kubadilika na kubabuka. Mashine zenye king'ora hulia, na baadhi yake hujishusha mwendo zenyewe ili zisiungue. Ile isiyo na king'ora hupimwa kwa mkono. Hedi ya mashine iliyo salama ni ya moto, ila mtu anaweza kuigusa kwa sekunde chache. Tone la maji likidondoshwa juu yake likachemka na kukauka papo hapo, joto limepita mpaka.

Baharini, jambo la kwanza ni kushusha moto hadi mashine ibaki inanguruma taratibu, kisha kutoa gia. Kama mchirizi ungali unatoka, ni afadhali kuiacha hivyo kwa dakika chache, maana maji yanayozunguka huipoza hedi pole pole. Kama mchirizi umekatika kabisa, mashine izimwe. Na kabla ya kuizima, nahodha hutazama upepo na mkondo vinakipeleka wapi chombo. Karibu na mwamba, hasa wakati wa kusi kali, nanga hutangulia na fundi hufuata. Boti iliyopanda mwamba ni hasara kubwa kuliko mashine iliyoungua.

Kosa baya kuliko yote katika dakika hizo ni kufunua kofia ya mashine na kuimwagia ndoo ya maji. Aluminiamu yenye joto kali ikipozwa ghafla upande mmoja hujipinda au kupasuka, na hedi iliyopinda haiwezi tena kubana gasketi. Kofia ifunuliwe ili hewa ipite, basi. Wakati mashine inapoa yenyewe, mguu unyanyuliwe na matundu ya kuingizia maji yakaguliwe.

Hapo ndipo safari nyingi hupata nafuu. Zanzibar, Kenya na Tanzania Bara zilipiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya kuanzia Agosti 2017 na Tanzania Bara kuanzia Juni 2019, lakini nailoni haiozi, na vipande vyake vingali vinaelea. Mfuko mmoja ukijifunga kwenye mguu wa mashine hufunika matundu yote ya upande huo. Pwani ya mashariki ya Unguja, pale Paje na Jambiani, mashamba ya mwani yana kamba na majani yanayokatika na kuelea. Ziwa Victoria lina magugu maji, ambayo yamelisumbua tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mizizi yake laini hunyonywa hadi kwenye wavu na kuusonga. Ikitolewa, mashine iwashwe na kusubiriwa kwa mwendo mdogo hadi mchirizi urudi na kupoa, ndipo safari iendelee.

Uchafu usipoonekana, swali la pili ni urefu wa mguu. Matundu yakiwa karibu mno na uso wa maji, pampu huvuta hewa kila chombo kinapopanda wimbi. Bamba lililo juu ya rafadha linapaswa kuwa usawa wa chini ya chombo au sentimita chache chini yake. Mashine za mguu mfupi hutengenezwa kwa ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 15, na za mguu mrefu kwa inchi 20, lakini vyombo vingi vya mbao hujengwa na fundi seremala kwa jicho, kisha mashine hununuliwa baadaye kwa kutazama bei. Mashine ya namna hiyo huchemsha chombo kikiwa kitupu na kupona kikiwa na shehena. Tabia hiyo ikionekana, ubao wa tezi ukatwe au ushushwe. Kubadilisha impela hakutasaidia kitu.

Baada ya hapo ni pampu, na hii haichunguzwi baharini. Mguu wa chini hufunguliwa kwa boliti chache, na kazi ngumu kwa kawaida ni boliti zenyewe, kwa sababu chumvi huzishikamanisha na aluminiamu hadi zikakatika. Fundi mwangalifu huzipaka grisi kila anapozirudisha, na aliyewahi kutoboa boliti iliyokatika haulizi kwa nini. Ndani ya pampu kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni impela: mapanga yaliyokatika, yaliyopasuka kwenye shina, au yaliyolala upande mmoja na kukataa kusimama, yote yamekwisha. La pili ni nyumba ya impela pamoja na bamba la chuma chini yake. Mchanga huchora mikwaruzo humo, na mikwaruzo hiyo huvujisha maji hata kama impela ni mpya. La tatu ni kii, kipande kidogo cha chuma kinachoifunga impela kwenye shafti. Kikikatika au kikianguka wakati wa kufunga, shafti huzunguka na impela husimama, na fundi hubaki akishangaa kwa nini kifaa kipya hakisukumi maji.

Impela ikiwa imekatika panga, kazi haiishi kwa kuweka nyingine. Vipande vilivyokatika vimekwenda mahali, na mahali penyewe ni kwenye bomba la maji au njia nyembamba za juu. Mapanga yahesabiwe, na kila kipande kitafutwe. Kipande kisichopatikana hukaa kwenye kona ya hedi na kuleta kuchemsha kusikoeleweka miezi mitatu baadaye. Wakati wa kufunga impela mpya, shafti huzungushwa kuelekea inakozungukia mkono wa saa, ikitazamwa kutoka juu, ili mapanga yalale upande sahihi. Mpira hupakwa maji ya sabuni au grisi ya mpira kidogo, usianze kazi ukiwa mkavu.

Ukavu ndio adui mkubwa wa impela. Maji ndiyo yanayoilainisha, na ikizunguka bila maji hata kwa dakika moja mpira huungua na kupoteza mnyumbuko. Tabia ya kuwasha mashine nchi kavu kwa muda mfupi tu, ili mnunuzi asikie mlio wake, imeua impela nyingi kabla ya safari ya kwanza. Mashine hujaribiwa ndani ya pipa la maji lililojaa hadi juu ya pampu, kwa mwendo mdogo. Tabia ya pili ni kuondoka ufukweni mashine ikiwa imeshushwa kwenye maji ya magotini. Hapo inachovuta ni mchanga. Pondo au kasia vinatosha kukifikisha chombo kwenye kina, na dakika hizo mbili za jasho huongeza umri wa pampu. Vitabu vya watengenezaji wengi hushauri impela ikaguliwe kila mwaka. Kwa mvuvi anayetoka kila usiku, mwaka ni mrefu mno, na kuwa na impela ya akiba ndani ya boksi la spana ni busara ya bei nafuu.

Pampu ikiwa nzima na mashine bado inachemsha, maji yanapanda lakini hayapiti. Kinachoshukiwa kwanza ni thamostati. Kazi yake ni kuyazuia maji hadi mashine ifikie joto la kazi, kisha kuyafungulia. Katika mashine nyingi za kupachika hufunguka kwenye nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, chini sana kuliko ya gari, ambayo hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Sababu ni bahari yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na baadhi ya madini yake, hasa yale yanayofanana na chokaa, hujitenga na kuganda kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto. Thamostati hupimwa kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto taratibu, ikining'inizwa kwa uzi ili isiguse kitako. Ikifika joto lililoandikwa juu yake bila kufunguka, itupwe.

Mafundi wengi huing'oa na kuiacha nje moja kwa moja, na mwenye boti hufurahi kuona mchirizi ukiongezeka. Si tiba. Mashine isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na kuchafua plagi, na mashine za mipigo minne huanza kuingiza petroli kwenye oili. Tena, kama kilichokuwa kikichemsha ni njia zilizoziba, kung'oa thamostati huficha ugonjwa kwa muda huku chumvi ikiendelea kujengeka. Kwa dharura ya kurudi nyumbani inakubalika. Kwa mwaka mzima, hapana.

Njia zilizoziba kwa chumvi ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo zinazoweza kuepukwa kwa urahisi zaidi. Baada ya safari, mashine ikipoa, maji ya bahari yaliyobaki ndani hukauka na kuacha chumvi, na safari inayofuata huongeza tabaka juu ya tabaka. Kuisafisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika kumi hivi, ikinguruma ndani ya pipa au kwa mpira wa maji uliofungwa kwenye matundu yake, huiondoa chumvi kabla haijaganda. Kwenye visiwa ambako dumu la maji hununuliwa, ushauri huo una gharama, na ndiyo maana mashine za huko huchoka mapema. Hata hivyo, pipa moja la maji linaweza kutumika kwa mashine kadhaa za ufukwe mmoja mradi lisiwe limejaa oili na chumvi. Wavuvi wa ziwani hawana tatizo la chumvi, ila tope laini huwafanyia kazi ile ile.

Chumvi iliyokwisha kuganda huondolewa kwa kufungua hedi na mfuniko wa njia za maji, kisha kukwangua kwa kijiti cha mbao au waya laini. Siki au maji ya ndimu huyeyusha mabaki yakiachwa kwa saa kadhaa, kisha sehemu zote zisuuzwe kwa maji mengi. Asidi ya betri, ambayo baadhi ya watu huitumia kwa sababu inafanya kazi haraka, inakula aluminiamu yenyewe. Humo ndani, katika mashine nyingi, hupatikana pia vipande vya zinki vilivyowekwa viliwe na kutu badala ya mashine. Vikiisha vibadilishwe, na visipakwe rangi kamwe, kwa kuwa rangi huviondolea kazi yao.

Inatokea pia kwamba maji yanapita vizuri na bado pistoni inaungua. Joto la namna hiyo halitokani na kupozwa vibaya, bali na moto uliozidi ndani ya silinda. Mashine za mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Nyingi za sasa hutumia lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, ila baadhi, na mashine zote mpya zikiwa kwenye saa za mwanzo, hutaka oili zaidi, hivyo kinachofuatwa ni kitabu cha mashine husika. Kupunguza oili ili kubana matumizi ni kukopa kutoka kwenye pistoni. Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa na huacha masizi yanayoshikiza ringi.

Petroli pungufu nayo huleta joto. Chujio lililoziba, jeti ya kabureta yenye uchafu, au mpira wa petroli unaovuta hewa kwenye kiungo, vyote husababisha mchanganyiko mkavu unaoungua kwa joto kali. Plagi husema ukweli hapa: ncha yenye rangi ya kahawia ni ya kawaida, ile nyeupe kama majivu inaonya kwamba silinda inaungua kupita kiasi. Kama silinda moja tu ndiyo nyeupe, tatizo ni la kabureta au gasketi ya silinda hiyo. Mwisho kuna mzigo. Rafadha yenye mapanga makubwa kuliko uwezo wa mashine, au boti ya abiria iliyojazwa hadi ukingoni, huilazimisha mashine kufanya kazi kwa moto wote bila kufikia mizunguko yake. Hakuna pampu inayoweza kuliondoa joto hilo siku nzima.

Dizeli zilizofungwa ndani ya chombo, kama zile za majahazi ya mizigo na boti kubwa za abiria, zina mfumo mwingine. Nyingi zina maji ya aina mbili: maji safi yanayozunguka ndani ya injini, na maji ya bahari yanayoyapoza kupitia kifaa chenye mirija mingi myembamba. Uchunguzi huanza kwenye valvu ya maji chini ya chombo, ambayo mara nyingine imesahauliwa ikiwa imefungwa, kisha chujio, kisha impela ya pampu ya bahari, kisha mirija hiyo, na mwisho kiwiko cha moshi, ambacho huziba kwa kutu na masizi. Mkanda uliolegea pia huisimamisha pampu. Mfuniko wa tangi la maji safi haufunguliwi injini ikiwa ya moto: maji ndani yake yako chini ya mgandamizo, na yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka hadi pale mfuniko unapolegezwa na kuyarusha usoni mwa fundi. Mengi ya majahazi hutumia injini za malori zilizobadilishwa, na rejeta ya lori, iliyotegemea upepo wa barabarani, haiwezi kazi hiyo ndani ya ngama.

Mashine iliyochemsha na kupona haistahili kurudishwa kazini siku ile ile bila kupimwa. Plagi zitolewe zitazamwe kama zina matone ya maji, dalili kwamba gasketi ya hedi imepasuka. Kwenye mashine za mipigo minne, oili iliyogeuka rangi kama ya maziwa husema jambo hilo hilo. Kipimo cha kompresheni kifungwe kwenye kila silinda na mashine izungushwe bila kuwashwa. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hedi ifunguliwe na uso wake upimwe kwa rula iliyonyooka, na ukuta wa silinda utazamwe kwa tochi. Mikwaruzo midogo inaweza kusuguliwa na kubadilishiwa ringi. Iliyo mirefu huhitaji silinda ichongwe na kuwekewa pistoni ya kipimo kikubwa zaidi. Na gasketi iliyokwisha kufunguliwa haitumiki tena, hata ikionekana nzima, kwa kuwa imekwisha kubanwa na haitaziba mara ya pili.